Kila Kitu ni UTI

Ukishukia steji ya Kayole Junction ukaanza kutembea kuelekea Soweto, jaribu kuhesabu maabara ndogo. Mimi niliacha nilipofika ya tisa. Nyingi ni chumba kimoja cha ploti: pazia la kijani mlangoni, benchi la mbao nje, na ukutani maandishi mekundu yaliyochorwa kwa brashi. Malaria. Taifodi. Mimba. UTI. Mpangilio hubadilika kidogo, lakini hayo manne hayakosekani, kuanzia Kayole hadi Dandora, Umoja hadi Huruma.

Kati ya hayo manne, UTI ndiyo iliyojipanua zaidi. Kwa daktari, herufi hizo tatu ni maambukizi ya njia ya mkojo: bakteria wameingia kwenye mrija, kwenye kibofu, au wamepanda hadi figo. Huku mtaani zimebebeshwa mizigo mingine. Kuwashwa ni UTI. Uchafu unaotoka ukeni ni UTI. Mgongo, UTI. Hedhi imechelewa na mimba hakuna, UTI. Kuna utani wa wasichana wa mtaa wetu kwamba ukiumwa kuanzia kitovu kushuka ni UTI, kuanzia kitovu kupanda ni taifodi, na ukiumwa kitovu chenyewe utanunua dawa za zote mbili.

Mimi si daktari. Nilisoma historia, na kilichonivuta hapa ni kifaa: ile stripu ya plastiki yenye miraba ya rangi ambayo huchovywa kwenye kikopo cha mkojo kisha mtu aliyevaa koti jeupe anakuambia, "Uko na UTI." (Koti jeupe likitosha bega, kwetu mtu huyo ni daktari, hata kama jana alikuwa anauza simu.) Nimefuatilia stripu hiyo imetoka wapi, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba haijawahi kusema "UTI" hata siku moja. Inasema mambo mawili madogo sana. Hilo neno kubwa tunaliongeza sisi, na tuna sababu zetu za kihistoria za kuliongeza.

Kutazama mkojo ni kazi ya zamani kuliko hospitali. Ibn Sina aliuandikia kurasa nyingi katika Kanuni yake: rangi, uzito, harufu, povu, mashapo. Madaktari wa Ulaya ya kale walitembea na chupa maalum ya kioo, wakiiinua juani na kutabiri hadi siku ya kufa. Ilifika mahali ubashiri ukawa biashara, mgonjwa haonekani kabisa, chupa tu inaletwa na mtumishi. Mwaka 1637 Mwingereza mmoja, Thomas Brian, aliandika kitabu kizima cha kuwakejeli hao manabii wa mikojo. Ukitafakari benchi la Kayole, ambapo chupa huingia ndani na mwenye chupa hubaki nje na kuulizwa jina na umri tu, unaona Brian hakushinda ile vita.

Stripu yenyewe ina mababu wawili, na wa kwanza alifanya kazi kwenye kiwanda cha bia. Johann Peter Griess, mkemia Mjerumani, aligundua mwaka 1858 jamii mpya ya kemikali ziitwazo diazo, ambazo zikikutanishwa na kemikali fulani hutoa rangi kali. Viwanda vya rangi za nguo vilitajirika kwa sababu yake. Yeye aliajiriwa mwaka 1862 na kampuni ya bia ya Allsopp, mjini Burton upon Trent, akakaa huko hadi alipofariki mwaka 1888. Mwaka 1879 alieleza jinsi ya kutumia kemia hiyo kunasa kitu kiitwacho nitriti: ikiwepo, hata kidogo, maji yanageuka rangi. Nikipita Ruaraka na kunusa kimea, huwa namkumbuka.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1914, Cruickshank na Moyes waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu nitriti ndani ya mkojo na maana yake. Maana ni hii. Mkojo wa mtu mzima una nitrati, inayotokana na chakula, hasa mboga za majani. Nitriti hauna. Lakini bakteria wengi wanaopenda kibofu, wakiongozwa na E. coli, wana uwezo wa kugeuza nitrati kuwa nitriti. Kwa hiyo ukiikuta nitriti, kuna mtu jikoni anayepika.

Babu wa pili ni bibi. Helen Murray alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1923. Alikuwa anasomea ualimu wa lugha hadi vita vilipowachukua wanaume na chuo kikawahimiza wasichana waingie sayansi. Mwaka 1944 alijiunga na Miles Laboratories huko Elkhart, Indiana, kampuni iliyopata pesa zake kwa Alka-Seltzer, zile tembe zinazochemka ndani ya glasi. Aliolewa na mkuu wake wa utafiti, Alfred Free, na wawili hao wakajiuliza kwa nini mtu apimwe sukari kwa kuchemsha mkojo na vimiminika vya maabara. Si kemikali zikaushwe kwenye kipande cha karatasi, karatasi ichovywe, basi? Clinistix, ya sukari, ilitoka mwaka 1956. Ya protini ikafuata. Kisha wakaanza kupanga vipimo juu ya kijiti kimoja kama madirisha ya fleti za Pipeline, hadi kumi: sukari, protini, damu, asidi na wenzake. Mraba wa nitriti uliongezwa miaka ya 1970, na wa seli nyeupe za damu ukafuata muongo huo ukiisha. Helen Free aliishi hadi mwaka 2021, akiwa na miaka 98.

Miraba hiyo miwili ya mwisho ndiyo kesi yetu, na kemia ya Griess imo ndani ya yote miwili.

Mraba wa nitriti huanza mweupe na kugeuka pinki. Ukigeuka, na stripu ni nzima na mkojo ni mbichi, mara nyingi unasema kweli. Shida ni ukibaki mweupe. Bakteria wanahitaji muda wa kupika, kama saa 4 hivi ndani ya kibofu, ndiyo maana mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora. Mwanamke mwenye UTI ya kweli anakojoa kila dakika kumi. Mkojo wake haukai. Isitoshe, kuna bakteria wasioijua kazi hiyo kabisa, kama Enterococcus. Ukinywa vitamini C nyingi, nayo inaweza kuuficha. Kwa hiyo nyeupe maana yake ni "sijaona", wala si "hakuna".

Mraba wa seli nyeupe ni msema sana. Unatafuta kimeng'enya kinachotoka kwa askari wa mwili wanaokimbilia penye vita, na ukikiona unageuka zambarau. Lakini haukuambii vita viko wapi. Askari hao wanaweza kuwa kwenye kibofu. Wanaweza pia kuwa wametoka ukeni na kuanguka kwenye kikopo njiani, kwa sababu ya fangasi au maambukizi mengine, au wako kwenye mrija kwa sababu ya kisonono au klamidia. Na mraba huu ni wa polepole: maelekezo kwenye chupa nyingi yanasema usubiri dakika 2. Nimekaa kwenye mabenchi ya kutosha kuona stripu ikichovywa, ikitikiswa, ikisomwa na kutupwa kabla ya mtu kumaliza kuandika risiti. Nimeona pia ikiachwa juu ya meza mpaka rangi zote zimejichanganya, halafu ndiyo inasomwa. Na kifuniko cha chupa kikiwa wazi mchana kutwa, hewa na unyevu vikiingia, mraba wa nitriti unaweza kuwa pinki hata kabla ya kuona mkojo wa mtu.

Damu ina mraba wake, na huo hufundisha jambo moja zaidi. Kisiwani Pemba, miaka ya 1980, stripu zilitumika kutafuta damu kwenye mikojo ya watoto wa shule. Huko walikuwa wanatafuta kichocho, na mraba uliogeuka rangi ukawa ushahidi mzuri kwa sababu kila mtu alijua mahali walipokuwa na minyoo iliyokuwamo majini. Mtoto yuleyule kutoka Kwale akija likizo kwa shangazi yake Umoja, akakojoa damu, nani kwenye maabara ya ploti atamuuliza alikoogelea?

Sasa twende kwa ploti zenyewe, maana hapo ndipo neno lilipokulia.

Nairobi ya wakoloni haikumpangia mwanamke Mwafrika. Aliyeruhusiwa mjini alikuwa mwanamume mwenye kipande shingoni, wa reli au wa manispaa, ambaye angelala kwa muda kisha arudi rizavu kwa mke wake. Nyumba zilijengwa kwa hesabu hiyo: safu za chumba kimoja kimoja za watu wa reli kule Muthurwa, kisha nyumba za Shauri Moyo na Ziwani, mtu akipewa nafasi ya kitanda na choo kikiwa cha pamoja, nje. Pumwani, iliyopangwa miaka ya 1920, ilikuwa na sura tofauti kwa sababu Waafrika walijijengea humo, na wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White amewaandikia kitabu. Lakini huo ulikuwa mtaa mmoja. Kaloleni ya miaka ya 1940 ndiyo iliyokuja na wazo kwamba mfanyakazi Mwafrika anaweza kuwa na familia mjini.

Baada ya uhuru tulijaribu tena. Dandora, mradi wa Kanjo na Benki ya Dunia ulioanza miaka ya 1970, ilimpa kila mwenye ploti kiwanja, maji, choo na bafu, ajijengee vyumba vilivyobaki. Mpango mzuri kwenye karatasi. Kisha vyumba vikajengwa vya kupangisha, vikaongezeka, ghorofa zikapanda, na choo kilichopimwa kwa familia moja kikawa cha nyumba nane, kumi. Mimi nimekulia ploti ya namna hiyo. Kufuli ya choo, ufunguo kwenye msumari, foleni ya saa 11 alfajiri ya watu wenye ndoo. Usiku hutoki. Mathe alikuwa akituambia tusinywe chai baada ya saa 1, na watoto wa kike walielewa kwa nini bila kuelezwa. Mwaka 2010 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Mathare, Korogocho, Mukuru na Kibera wanaoogopa kubakwa wakienda chooni usiku. Kwa wengine ilikuwa habari.

Ndiyo maana imani kubwa ya mtaani ni kwamba UTI inaokotwa kwenye choo. "Ulikaa kwa choo gani?" ndilo swali la kwanza la kila mama. Madaktari hukataa, na wako sawa: E. coli anayekuumiza kwa kawaida ni wako mwenyewe, ametoka kwenye utumbo wako na kusafiri safari fupi, kwa sababu mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi tu. Tendo la ndoa humsaidia kusafiri kuliko choo chochote. Lakini mimi sipendi tunapoicheka imani hiyo haraka. Msichana anayejibana tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu choo cha shule hakina mlango, anayekunywa maji kidogo ili asihitaji kwenda, anampa bakteria muda wa kukaa na kuzaliana. Choo hakikumwambukiza. Kilichangia, ila kwa mlango mwingine.

Kuna sababu ya pili, ya pesa. Desemba 1989, wakati wa masharti ya mikopo ya kimataifa, serikali ilianzisha malipo katika hospitali za umma. Yalisitishwa, yakarudi, yakabadilishwa mwaka 2004 kuwa shilingi 10 na 20 kwenye zahanati na vituo vya afya, kisha yakafutwa huko chini mwaka 2013. Kwa miaka hiyo mtu wa Eastlands alijifunza kwamba hospitali ya serikali ina foleni na bado unalipa, wakati kemisti wa kona anakujua kwa jina na atakukatia dawa nusu dozi ukiwa na nusu pesa. Maabara za ploti zilijaza pengo ambalo wengine waliliacha, na siwezi kuwalaumu kwa kuwepo. Lakini maabara inayoishi kwa kipimo cha bei nafuu na dawa ya papo hapo inahitaji jibu la papo hapo. Stripu ndiyo inayolitoa. Kuotesha mkojo kwenye sahani ya maabara ili bakteria mwenyewe aonekane na dawa zijaribiwe juu yake huchukua siku 2 au 3, na pesa zaidi, na mteja aliyekwenda zake huenda asirudi.

Sababu ya tatu ni aibu, na hii ndiyo inayoniuma.

Binamu yangu, ambaye amenikubalia nisimulie ila nisimtaje, alipewa UTI mara tatu ndani ya mwaka mmoja kwenye kliniki moja ya mtaani. Nimeona karatasi zote tatu. Seli nyeupe: alama mbili za kujumlisha. Nitriti: hapana. Mara zote tatu ni hivyohivyo. Alimeza cipro, akarudi akapewa sindano, akarudi akapewa tena cipro na onyo la kutokalia vyoo vya umma. Hakuna aliyemuuliza kama ana mpenzi. Mara ya nne alienda kwingine, na nesi wa makamo akasoma zile karatasi, akazikunja, akamwambia kwa sauti ya chini, "Msichana wangu, na huyo jamaa yako naye anaumwa?" Alipopimwa, ilikuwa klamidia.

Cipro si dawa ya klamidia. Miezi yote hiyo ilikuwa ikiendelea na kazi yake, na klamidia isiyotibiwa inaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Bado hajui kama imemdhuru.

Nilimuuliza kama alikasirika. Akasema, "Unajua, mimi ile UTI niliipenda. Hiyo ningeweza kuambia mathe."

Hapo ndipo nilipoelewa neno hili linafanya kazi gani. Ni shuka. Ugonjwa wa zinaa una mtu wa pili ndani yake, una maswali, una ugomvi na pengine kipigo. UTI haina mtu wa pili, ina choo. Anayeuza dawa anajua, mteja anajua nusu, na wote wanakubaliana kujifunika. Na kinachoshangaza ni kwamba haya yanatokea matatu chache tu kutoka Majengo, Pumwani, ambako tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba wamekuwa wakifanya kazi na wanawake wanaouza ngono, kazi ambayo dunia nzima imejifunza kwayo kuhusu magonjwa ya zinaa na Ukimwi. Profesa Elizabeth Ngugi, nesi, alijenga imani ya wanawake hao kwa kuwauliza maswali bila kuwadharau. Ujuzi upo mji huuhuu. Haujavuka barabara.

Si kwetu tu. Mradi wa utafiti uitwao HATUA ulikusanya maelfu ya wagonjwa wenye dalili za UTI nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wetu walitoka Nairobi, Makueni na Nanyuki. Mikojo ilipooteshwa, ni kama theluthi moja tu waliothibitika kuwa na maambukizi. Wengine walikuwa wanaumwa kweli, lakini si lazima kwa kitu kile walichoambiwa. Na kati ya waliothibitika, karibu nusu walikuwa na bakteria sugu kwa aina kadhaa za antibiotiki. Serikali ilizindua sera ya kitaifa kuhusu usugu wa dawa mwaka 2017. Kwenye kona yangu cipro bado inauzwa kwa tembe, kama njugu.

Nisieleweke vibaya kuhusu stripu. Mwanamke kijana, hana mimba, anaungua akikojoa, anaenda mara kwa mara, hana uchafu wa ukeni: huyo ana uwezekano mkubwa wa UTI hata kabla ya kuchovya chochote, na mraba mweupe haufuti maumivu yake. Kile kipimo cha bakteria 100,000 kwa mililita ambacho Edward Kass wa Boston alikiandika mwaka 1956 kilikuja kuonekana ni kikubwa mno kwa wanawake wenye dalili. Upande wa pili, shosho wa Jericho ambaye hana dalili yoyote, aliyepimwa tu kwa sababu mjukuu ana wasiwasi kwamba siku hizi anasahau, anaweza kukutwa na nitriti na seli nyeupe zote mbili. Wazee wengi hubeba bakteria kwenye kibofu bila kuumwa. Akipewa antibiotiki atapata kuhara, na usahaulifu utabaki palepale, ukisubiri mtu autafutie sababu yake halisi.

Mwenye mimba ni kesi yake peke yake. Kwa mtu wa kawaida bakteria wasio na dalili huachwa. Kwa mjamzito hutibiwa, kwa sababu wanaweza kupanda hadi figo. Ndiyo maana kipimo cha mkojo kimo kwenye kile kitabu cha mama na mtoto anachobeba kila mama anayekwenda kliniki, iwe Pumwani Maternity, ambayo ilifunguliwa mwaka 1926, au kituo cha afya cha Umoja. Mraba wa protini pale unaweza kuokoa maisha kwa kuonya kuhusu presha ya mimba. Lakini kwa bakteria, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2016: oteshea mkojo, ukikosa uwezo huo, tumia rangi ya Gram na hadubini kabla ya kuitegemea stripu.

Hilo lilinifurahisha kama mtu wa historia. Hans Christian Gram alibuni upakaji wake wa rangi mwaka 1884 akiwa Berlin, miaka 15 kabla reli haijafika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi. Na hadubini tayari zipo. Maabara nyingi za ploti zinayo moja mezani, imefunikwa mfuko wa plastiki, kwa sababu ya ile Malaria ya ukutani.

Niliomba kuona. Jamaa mmoja wa maabara, kule Umoja, mtu wa miaka 60 hivi aliyestaafu kutoka serikalini, alinikubalia nikae kwenye kona asubuhi nzima mradi nisiulize majina. Alikuwa na saa ya ukutani na alisubiri dakika zake 2 akiwa ameikodolea macho, kama mtu anayechemsha yai. Mama mmoja mjamzito alileta kikopo. Mraba wa seli nyeupe ukageuka zambarau iliyokolea. Wa nitriti ukabaki mweupe. Nikajua jibu lake. Yeye akaweka tone kwenye kioo, akainama kwenye hadubini, kisha akaniita. Niliona vitu vikubwa bapa, kama chapati zilizokunjwa pembeni, vimejaa kila mahali.

"Hizo ni seli za ngozi," akasema. "Huu mkojo umeosha njia kabla ya kufika kwa kikopo. Hauwezi kuniambia kitu."

Akautupa. Akamwita yule mama, akampa kikopo kipya, akamweleza polepole: jioshe kwanza, anza kukojoa chooni, kisha kinga ile ya katikati, usikinge ya mwanzo wala ya mwisho. Mama akaitikia, akatoka, akarudi baada ya dakika moja kikopo kikiwa bado kikavu.

"Daktari, huko kwa choo hakuna maji."

Mzee akavua glavu, akachukua jagi, akaenda kwenye mtungi wake wa maji ulioko nyuma ya pazia, akaanza kumjazia ndoo.